Seti ya njia ya waya kwenye meza ya mitumba

Ilikuwa imelala kati ya mikanda ya suruali na mabegi ya shule, kwenye meza moja ya mitumba hapa Mwanza. Hanesi ya kupandia miamba, yaani mikanda ya kujifunga kiunoni na mapajani, bluu yake imepauka kwa jua. Mbele yake imening'inia mikia miwili inayovutika kama lastiki, kila mmoja na karabina kubwa mwishoni, ndoano ya chuma yenye mlango unaojifunga. Pale mikia inapokutana pana kijifuko cha kitambaa chenye zipu.

“Kaka, huu mkanda wa nini?” kijana mmoja akauliza.

“Wa mafundi wa minara ya simu huo. Mzima kabisa, mdogo wangu. Elfu ishirini na tano, tutaongea.”

Kijana akafungua zipu, akaona utepe mnene uliokunjwakunjwa, akafunga. Akavuta mkia mmoja: ukarefuka, ukarudi. Akatabasamu. Akamgeukia mwenzake, akamwambia watafanyia mazoezi kwenye mawe ya nyuma ya kwao, maana ameona kwenye simu watu wanapanda ukuta wa mlima wakiwa wamejifunga kwenye waya.

Siku hiyo hawakununua.

Swali lake ndilo ambalo halijaondoka kichwani mwangu wiki zote hizi. Jibu la muuzaji lilikuwa karibu sana na ukweli, na ukaribu huo ndio unaotisha.

Waya haikuzuii kuanguka

Ile ni seti ya via ferrata, njia ya chuma kwa Kiitaliano. Kule kwenye milima ya Dolomites, wanajeshi wa vita ya kwanza ya dunia walifunga kamba, ngazi na vyuma miambani ili wapandishe watu na mizigo. Leo waya nene ya chuma inapita ukutani, imeshikwa kila baada ya mita kadhaa na kigingi kilichochimbiwa ndani ya mwamba. Mpandaji anatundika karabina zake mbili kwenye waya na kupanda nazo.

Anayeanza huitazama picha hiyo akaona usalama: nimefungwa, sianguki. Hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa.

Waya haina breki. Ukiteleza, karabina zinateremka na wewe mpaka zigonge kigingi cha chini yako. Chukua hesabu ndogo. Uko mita 4 juu ya kigingi, karabina zikiwa usawa wa kiuno. Mkia una urefu wa karibu mita 1. Utashuka mita 4 hadi kigingini, kisha mita 1 nyingine chini yake hadi mkia ukaze. Jumla mita 5, na kinachopaswa kukudaka ni mita 1 ya utepe.

Wapandaji wa kamba hugawanya urefu wa anguko kwa urefu wa kamba inayolidaka. Kwa kawaida kwao jibu halizidi 2, na kamba yao yenyewe inanyumbuka kulainisha pigo. Kwenye njia ya waya, kwa hesabu hii, jibu ni 5. Utepe mtupu usionyumbuka ukipokea pigo la namna hiyo, lazima kitu kiachie: utepe, karabina, au mgongo wa mtu.

Tena hatujahesabu vitu vya njiani. Pembeni ya waya hiyo kuna vikanyagio vya chuma, ncha za vigingi, na kingo za mwamba. Mtu anaweza kuanguka, vifaa vyote vikafanya kazi yao sawasawa, na bado akavunjika mguu. Ndiyo maana somo la kwanza la njia ya waya ni kali kuliko la kupanda kwa kamba. Kwenye kamba, mwanafunzi anaruhusiwa kujaribu na kuanguka, na hufundishwa kuanguka. Kwenye waya, haanguki.

Hilo linabadilisha mafunzo yote. Ukishaelewa kwamba anguko halimo kwenye mpango, unaacha kuuliza “hii itanidaka?” Unaanza kuuliza “mguu wangu umekaa wapi?”

Shokapu ya nyuzi

Kilicho ndani ya kile kijifuko ni shokapu. Si ya springi kama ya gari. Ni utepe uliokunjwa na kushonwa kwa makusudi ili uchanike. Pigo likija, nyuzi zinakatika mstari kwa mstari, na kila mstari unaokatika unakula sehemu ya nguvu ya anguko.

Kiwango cha Ulaya cha vifaa hivi ni EN 958, na toleo la 2017 lilibadilisha jambo la maana. Zamani seti zilipimwa kwa uzito mmoja tu, kilo 80. Sasa zinapimwa kwa kilo 40 na kwa kilo 120. Kwa yule mwepesi pigo lisizidi kilonyutoni 3.5, karibu na kubebeshwa kilo 350 kwa kufumba na kufumbua. Kwa yule mzito lisizidi 6. Utepe unaruhusiwa kuchanika hadi sentimita 220.

Soma tena hiyo 220. Juu ya zile mita 5, ongeza mita 2 na zaidi za kuchanika. Kama chini yako kuna kibaraza cha mwamba mita 6 chini, utakifikia kabla shokapu haijamaliza kazi.

Sasa mrudie kijana wa mezani, mwembamba, huenda kilo 50 na kitu. Seti ya zamani iliyopimwa kwa kilo 80 itamsimamisha kwa ukali zaidi ya inavyomsimamisha mtu mzima, kwa sababu nyuzi zake zimeshonwa kwa kumfikiria mtu mwingine. Aliye chini ya kilo 40 au zaidi ya 120 hatakiwi kuitegemea seti peke yake hata ikiwa mpya. Anahitaji pia kamba kutoka juu, ikishikwa na mtu anayejua. Wazazi wanaotaka kupeleka watoto wa darasa la tano wasipite haraka hapo.

Na shokapu hufa mara moja. Ikishachanika, hata sentimita chache, haishonwi kwa fundi cherehani. Inatupwa.

Ila inaweza kuwa imekufa bila kuchanika, na hili ndilo lililokuwa mezani. Mwaka 2012 mtu alifariki nchini Austria baada ya mikia yote miwili ya lastiki ya seti yake kukatika alipoanguka. Mpira ulio ndani ya mikia hiyo huivuta na kuikunja maelfu ya mara, na nyuzi zinazobeba uzito zinajisaga polepole ndani kwa ndani, pasipo jicho kuona. Seti nyingi za aina hiyo zilirudishwa kwa watengenezaji baada ya ajali ile.

Kumbuka alichofanya kijana ili kujiridhisha: alivuta mkia, ukarudi. Kile alichokichukua kuwa dalili ya uzima ndicho kinachochosha mkia.

Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 kwa vifaa vya nyuzi tangu vilipotengenezwa, hata visipotumika. Tarehe iko kwenye lebo ndogo ndani ya kijifuko, pamoja na namba ya kiwango. Lebo ikiwa imefutika au imekatwa, kifaa hakina umri, na kifaa kisicho na umri hakipandi.

Vipi basi kuhusu mafundi wa minara? Muuzaji hakudanganya. Wao pia hutumia mikia miwili na shokapu ya kushonwa. Lakini shokapu yao, ya kiwango cha EN 355, hupimwa kwa anguko la mita 4 kwenye mkia wa mita 2. Gawanya: 2. Vinafanana kwa macho kama mapacha, na kila kimoja kimeshonewa anguko lake.

Moja ihame, moja ibaki

Walichonacho mafundi wa minara, na ambacho anayeanza angekiazima kwao bila kulipa senti, ni mwendo. Mtazame fundi anapanda mnara pale mlimani: ndoano moja inatoka, inapita juu, inanasa, ndipo ya pili inafuata. Hakuna nukta ambayo zote mbili ziko hewani. Ameshafanya hivyo mara nyingi mno hata mkono wake hauulizi kichwa.

Kwenye waya ni hivyo hivyo. Panda mpaka kigingi kiwe usawa wa kifua. Wengi huwahi, wanajinyoosha kwa vidole vya miguu kukifikia juu ya kichwa, na hapo hapo ndipo mguu unapoteleza. Simama kwanza. Mkono mmoja ushike waya au mwamba. Toa karabina moja, ipitishe juu ya kigingi, itundike, sikia mlio wa mlango kujifunga, ivute chini kidogo. Kisha ya pili. Kisha ndipo hatua.

Kinachoharibika huharibika kwa uchovu. Kwa saa nzima ya kwanza hakuna anayekosea. Saa ya tatu, jua limepanda, mtu anafungua zote mbili kwa pamoja “kwa sekunde moja tu”. Au anatundika karabina kwenye kikanyagio badala ya waya. Au anaacha mikia ijisokote mpaka hajui upi uko mbele. Ukiona imejisokota, simama mahali pazuri uisokotoe. Usiendelee nayo ukisema utaitengeneza juu.

Kuna makosa mawili yanayofanana na uangalifu, na nayahofia zaidi kwa sababu hiyo. La kwanza ni kurudisha mkia usiotumika na kuufunga kwenye kitanzi kikuu cha hanesi ili usining'inie. Unaonekana nadhifu, lakini umeunganisha pande mbili za shokapu. Pigo likija linapita kwenye mkia huo, na shokapu inabaki imekunjwa kifukoni.

La pili ni mkia mfupi wa kupumzikia. Huu hufungwa moja kwa moja kwenye hanesi bila kupitia shokapu, nao ni mzuri: unautundika kwenye kigingi au kikanyagio imara, unakaa, mikono inapumzika. Mikia miwili mirefu inabaki kwenye waya. Lakini ukiusahau ukaanza kupanda nao kwenye waya, umejifunga kwa utepe mtupu, na tumerudi kwenye ile hesabu ya 5.

Na watu wawili wasikae kati ya vigingi viwili. Aliye juu akiteleza, kituo chake ni kichwa cha aliye chini.

Miguu

Mgeni wa waya anaishika kwa mikono miwili na kujivuta kama anayevuta ndoo kisimani. Baada ya dakika 20 vigasha vimejaa, vidole havifungi tena, na karabina ambayo asubuhi ilifunguka kwa kidole gumba sasa inahitaji mkono mzima. Uchovu wa mikono ndio unaozaa yale makosa ya saa ya tatu. Tatizo lilianzia miguuni.

Hapa Mwanza tuna faida.

Mtoto aliyekulia Mabatini au Igogo, nyumba ikiwa juu ya mawe na dumu la maji likiwa kichwani, amejua tangu utotoni kwamba uzito hukaa juu ya mguu. Havuti kitu kwa mikono kwa sababu mikono ina kazi nyingine. Ndivyo njia ya waya inavyotaka: hatua fupi, kisigino kishuke kidogo, mkono unyooke badala ya kukunjwa, paja lisukume. Waya ishikwe kwa mizani tu kila mwamba unaporuhusu.

Mawe yetu ni graniti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na chembe zake za kukwaruza hushika soli vizuri sana yakiwa makavu. Tafuta bamba lililolala, lisilopita urefu wa goti juu ya ardhi, chini yake pawe na mchanga au nyasi. Panda na kushuka bila mikono. Kushuka ni kugumu zaidi. Ile michirizi myeusi ambapo maji ya mvua hupita iache: ikilowa ni sabuni.

Viatu vya mazoezi hayo si lazima viwe vya njia yenyewe. Raba ya soli laini inanata kwenye graniti, lakini simama nayo nusu saa kwenye vikanyagio vya chuma vyembamba uone nyayo zitakavyolalamika. Kule soli ngumu kidogo ni bora. Glavu pia, kwa sababu waya ya zamani hutoa miiba ya nyuzi zilizokatika, nayo inachana kiganja. Kofia ngumu haina mjadala. Ni ya jiwe linaloangushwa na aliye mbele yako kabla ya kuwa ya anguko lako.

Je, tujenge yetu?

Ukitaja njia ya waya mbele ya vijana wa mji huu, haipiti dakika mtu hajasema: mbona tuna mawe kila kona, tufunge waya hapa. Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa ndiyo. Sasa ni ndiyo yenye masharti mengi.

Mawe yetu mengi yamebebana. Tazama Bismarck Rock pale ziwani: uzuri wake wote ni kwamba jiwe limekaa juu ya jiwe. Kigingi hakichimbiwi kwenye jiwe lililobebwa. Kinachimbiwa kwenye mwili mmoja wa mwamba, tena baada ya kuugonga kwa nyundo na kusikiliza, maana graniti hujimenya maganda, na ganda lililoachana na mwili wake hutoa sauti ya mtungi mtupu. Chini ya vilima vingi kuna mabati ya watu. Na kwenye nyufa kuna nyuki, ambao hawajali mtu amefungwa kwa karabina ngapi. Mtu aliyetundikwa ukutani hana pa kukimbilia.

Lakini lililonirudisha nyuma kabisa ni radi.

Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani. Usiku mawingu hujikusanya juu ya maji, na wavuvi wa dagaa wanajua zaidi ya yeyote maana yake. Mchana hugeuka, yakakusanyika juu ya nchi kavu. Njia ya waya ni mamia ya mita za chuma zilizolazwa juu ya mwamba, na mtu amefungwa humo kwa chuma. Ngurumo ikisikika ukiwa katikati, huwezi kuruka ukaondoka. Unahamisha karabina moja moja, ukishuka, na mikono inayotetemeka. Radi si lazima ikupige wewe. Ikipiga waya mahali popote juu yako, umeme unasafiri nayo.

Kwa hiyo uamuzi hufanywa kabla ya kigingi cha kwanza, kwa kutazama mbingu na saa. Wakati wa masika na vuli, mwenye njia angelazimika kuwa na ujasiri wa kufunga lango siku ambayo wateja wameshalipa. Nani atakuwa na ujasiri huo, na nani atalipa ukaguzi wa kila kigingi baada ya kila msimu wa mvua? Hayo yakipata jibu lenye jina la mtu anayewajibika, basi iwe njia fupi, ya chini, kwenye mwili mmoja wa mwamba. Nitashangilia.

Kamba ya katani

Anayetaka njia halisi leo, Mlima Kenya una kipande cha waya karibu na Point Lenana, mita 4,985. Kutoka Mwanza ni safari ya basi kupitia Sirari, na wengi huitaja kwa sababu iko jirani. Sipendi mtu aanzie hapo. Ziwa letu liko mita 1,134. Kule juu hewa ni nyembamba, kichwa kinauma, vidole vina ganzi, na uamuzi mdogo wa “ipi ihame kwanza” unakuwa mzito. Mwendo wa karabina ufike kule ukiwa umeshaingia mwilini. Kwenye baadhi ya nchi zenye njia nyingi, njia hupangwa kwa herufi kutoka A, rahisi, kwenda E na kuendelea. Anayeanza huenda A au B, pamoja na kiongozi.

Mazoezi ya mwendo yanafanyika uwanjani. Nilipoiona seti ile, wazo la kwanza lilikuwa: kijana angeinunua tu, aitumie chini, ardhini, asipande nayo. Wiki moja baadaye wazo hilo lilinishinda. Kifaa hakikai pale ulipokiweka. Kinaazimwa na mdogo wake, ambaye hakuambiwa. Kinapendeza, kina chapa, kina mlio mzuri wa kujifunga, na siku moja kinapanda.

Kwa hiyo chombo cha kujifunzia kiwe kile ambacho hakuna mwenye akili atakiamini. Kamba ya katani, mita 15, izungushwe kati ya miti mitatu au minne ya mwarobaini usawa wa kiuno, ifungwe kwa fundo kila mita 2: hayo mafundo ndiyo vigingi. Vipande viwili vya kamba nyembamba, kila kimoja mita 1, vifungwe kiunoni, mwishoni ndoano za mapazia au za kutundikia nguo. Zunguka. Moja ihame, moja ibaki. Mizunguko 10 kwa mkono wa kulia, 10 kwa wa kushoto. Kisha ukiwa umefumba macho. Kisha mwenzako akikuuliza jedwali la 7 huku unahama. Kisha baada ya kukimbia hadi ufuoni na kurudi, mikono ikiwa imechoka, maana hali hiyo ndiyo utakayokuwa nayo juu. Kila zinapokuwa hewani zote mbili, mzunguko unaanza upya.

Na mwenye ile seti, kama bado ipo mezani, au yeyote aliye nayo nyumbani na haijui umri: chukua mkasi mkali, kata mikia yote miwili karibu na kijifuko, kisha kata kitanzi cha mbele cha hanesi. Karabina zibaki. Zinafaa kubana turubai la mzigo kwenye pikipiki.